Baba Thandi, Nyumba Yetu Imebaki

Mume wangu, Baba Thandi,

Nimekaa kwenye kiti chako hapa jikoni, maana changu mguu umelegea na tangu uondoke hakuna aliyeugusa. Ni Jumapili mchana. Nimetoka kanisani, nimevua viatu, nimejitengenezea chai ya rangi, nikaona leo nisiipitishe bila kukueleza yaliyotokea kwenye nyumba hii. Padri anasema marehemu wanafikiwa na sala zetu. Kama sala zinafika, na barua nayo itapata njia.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ya chumbani. Kizulu nakizungumza vizuri siku hizi, hata wanawake wa sokoni wamechoka kunicheka, lakini mambo mazito siwezi kukuambia kwa Kizulu. Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo. Ukikasirika ulifoka kwa Kizulu, ukitaka kunibembeleza ulirudi kwenye Kiswahili chako cha Morogoro, "chakula yako tamu, mke yangu." Miaka yote ile, na ngeli hukuzipata. Thandi alikuwa anacheka mpaka anamwaga chai. Sasa humu ndani hakuna wa kukosea, na kumekuwa kimya sana.

Neno lenyewe nilitoe kwanza, usije ukasoma na wasiwasi. Nyumba haijauzwa. Imebaki.

Tulikaribia kuipoteza, sikufichi. Baada ya mazishi watu walijaa, wakapika, wakaimba, kisha wakarudi makwao kama inavyokuwa. Dada yako alinivalisha nguo nyeusi za ujane na kuniambia nizivae mwaka mzima. Nikazivaa. Mwisho wa mwezi ukafika, nami sikujua la kufanya, maana bondi, huu mkopo wa nyumba ambao hapa kila mtu anauita bondi, ulikuwa mikononi mwako. Mimi nilijua tu kwamba mwezi ukiisha uso wako unabadilika, na siku mbili huongei na mtu. Ulikuwa ukiniambia, "Mama Thandi, hiyo vita yangu, wewe acha." Nikaacha.

Nikaenda benki na cheti cha kifo. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu, alinipa pole, akanieleza taratibu kwamba kwa kuwa tulisaini wote wawili, mkopo sasa ni wangu. Nikamuuliza, "Na bima je? Si kuna bima mtu akifa?" Akatazama kompyuta yake muda mrefu. Akasema bima ilikatika zamani, haikuwa inalipwa.

Baba Thandi, siku ile nilikukasirikia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za benki na nguo zangu nyeusi, nikakusema kwa sauti, watu wanapita. Nilikuuliza bima umeipeleka wapi. Sikujua kama mtu anaweza kumkasirikia marehemu wake kiasi kile. Anaweza. Nilikasirika, halafu nikalia, halafu nikanunua mkate nikarudi nyumbani, kwa sababu jibu nililijua. Pesa ilikwenda chuoni kwa Thandi. Ulikwenda kwa wakopeshaji wale wa mjini, ukaongeza mkopo juu ya nyumba, wakakupa kwa riba inayopanda kila mara, na ulipoona pesa haifiki mwisho wa mwezi ukakata kilichoonekana hakina kelele. Thandi akawa nesi. Siwezi kusema ulikosea. Nasema tu ungeniambia.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Kaka zangu walipiga simu kutoka Morogoro, "Dada, uza, urudi nyumbani, chumba chako kipo." Thandi akapiga kutoka Durban, "Mama, uza, uje ukae na mimi." Wote kwa upendo. Wote waliniambia niuze, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninataka nini.

Nilitaka kubaki. Unakumbuka siku tuliyohamia hapa La Rochelle? Kitanda kilikuwa bado kwenye gari la mizigo, na wewe ukakataa kukisubiri. Ukalala chali sebuleni, sakafuni, na suruali yako ya harusi. Ukasema umelala kwenye mahema, umelala kwenye vyumba vya watu, umelala ndani ya lori, leo unataka kusikia sakafu yako. Nami nikalala pembeni yako. Wabeba mizigo wakatukuta hivyo na kabati mikononi, hawajui wapite wapi. Mimi mtu akiniambia niuze, naiona ile sakafu.

Aliyeniamsha ni Furaha. Unamfahamu, mpangaji wetu wa chumba cha uani, yule msusi kutoka Bukavu uliyekuwa unamtania kwamba anasuka nywele za Rosettenville nzima na zake zimesimama. Alikuja na habari aliyoipata kwa mteja wake, mjane wa mwanajeshi. Kuna mfuko unaowakopesha wanajeshi wastaafu na wajane wao. Unalipa ile bondi ya zamani yote, inafungwa, halafu wewe unabaki unalipa ule mkopo mpya, kwa riba nafuu na kwa miaka mingi zaidi. Nilisikiliza, nikaendelea kuchambua mchele. Furaha akadhani sijaelewa. Nilielewa vizuri sana. Habari hiyo niliwahi kuisikia, kwenye sherehe ya watu, na ndiyo iliyotuvunjia urafiki na Vusi, mpiganaji mwenzako.

Sikutaka kuikumbuka siku ile, lakini niiseme. Ilikuwa sherehe ya binti yake. Vusi alikuvuta pembeni, kwa upole tu, akakuambia ujiandikishe kama mpiganaji wa zamani ili nyumba yako ipumue. Wewe ukasimama mbele ya wageni ukamwambia ameuza damu ya wenzenu kwa vocha za serikali. Vusi! Mtu mliyevaa naye suruali moja nzuri kwa zamu kule kambini Tanzania, mlipokuwa mnapigania nchi yenu kutoka ugenini. Mtu aliyekuja kwa mama yangu kuwa mshenga wako, akakaa kwenye mkeka, akakuombea mke kwa Kiswahili kibovu kuliko chako. Tulitoka pale bila kula keki. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa humu ndani, na nilipokutana na mkewe madukani niligeuka upande mwingine, kwa sababu yako.

Nilimwambia Furaha siwezi kwenda. Nikasema watu wa ofisi watanizungusha, nikasema Kiingereza changu, nikasema miguu. Akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, "Tuende, mama. Bale ni batu tu kama siye." Kesho yake akafunga saluni, tukaenda.

Ofisi iko Braamfontein, ghorofani, karibu na pale mabasi yanapogeuka. Tulihudumiwa na msichana mmoja, Lerato, rika la Thandi wetu. Alinieleza kila kitu mara mbili bila kuchoka. Akaandika jina lako, Themba, na la ukoo, akatafuta. Hakuna. Akatafuta tena. Hakuna mtu wa jina hilo katika wapiganaji waliokuwa Tanzania.

Nikamwambia, "Jaribu Musa."

Akashangaa. Nikamweleza kwamba kule kambini mlipewa majina mengine ili ndugu zenu huku wasisumbuliwe na serikali ya wakati ule, na kwamba mimi nilichumbiwa na Musa, nikaolewa na Musa, na Themba nilimjua tuliposhuka uwanja wa ndege hapa na mama yako akakukumbatia akiita jina nisilolijua. Nilidhani amekosea mtu! Lerato akatafuta Musa, na kweli, Musa yupo. Lakini akasema, "Mama, nahitaji mtu aliyekuwa naye kambini aape kwamba Musa na Themba ni mtu mmoja."

"Mimi je? Mimi niliyelala naye maisha yangu yote sitoshi?"

Akacheka, halafu akaziba mdomo, akaangalia nguo zangu nyeusi, akasema samahani. Nikamwambia acha, mwanangu, cheka, hata yeye angecheka. Lakini sikutosha. Alitakiwa mpiganaji mwenzako. Wengi wenu mmekwisha kufa, na wengine wako mikoani, simu zao hazipatikani. Nilijua wa kumtafuta ni nani tangu aliposema neno "kambini."

Nilikaa na jambo hilo karibu wiki nzima. Nilijisemea kwamba nikienda kwa Vusi nitakuwa nimekusaliti. Halafu siku moja nikiwa nasukuma chapati nikakumbuka kitu ambacho mama yangu angeniambia bila kufikiri. Mshenga ni wa ndoa nzima, si wa siku ya posa. Mke akiwa na mashtaka juu ya mumewe anampelekea nani? Anampelekea mshenga. Nami, Baba Thandi, nilikuwa na mashtaka.

Nikaenda Soweto, kwa Vusi. Alifungua geti mwenyewe. Amekonda, anatembea na fimbo, na nywele zimekwisha. Aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu, akashika geti kama linataka kuanguka, akasema kwa Kiswahili, baada ya miaka yote ile, "Karibu, shemeji. Nimechelewa kuja kwako."

Nikamwambia, "Umechelewa, ndiyo. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Mkewe alituletea chai na kutuacha. Nilimweleza yote. Bima, riba, wakopeshaji, ukimya wako wa mwisho wa mwezi, na kiapo kinachotakiwa Braamfontein. Nilikushtaki, mume wangu, sikuacha kitu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama alivyokaa kwenye mkeka wa mama. Nilipomaliza akasema, "Mashtaka nimeyapokea." Kisha tukaanza kucheka, tukacheka mpaka machozi, na machozi yakabaki hata kicheko kilipoisha. Akaniambia alikuja kwenye mazishi yako. Alisimama nyuma ya magari. Hakuthubutu kusogea, maana ulimwambia asikanyage palipo na jina lako, na yeye, eish, alikutii.

Nikamuuliza kwa nini ulikataa. Wewe uliniambia ni heshima, kwamba hukupigana ili upewe nyumba. Vusi akatikisa kichwa. Akasema uliwahi kumwambia, kabla ya ule ugomvi, kwamba mtu akishalipwa hana la kudai tena, na wewe bado ulikuwa na mengi ya kuidai nchi hii, shule za watoto, kazi za vijana, na wenzenu waliobaki kwenye makaburi ya ugenini. Uliogopa kulipwa. Nilikaa na neno hilo njia nzima nikirudi. Nimekuelewa. Lakini mimi nikaona, kudai unaweza kuendelea kudai hata ukiwa ndani ya nyumba yako, na ni rahisi zaidi kuliko ukiwa nje.

Alhamisi Vusi alikuja Braamfontein amevaa tai. Akaapa. Lerato akamwomba aeleze anavyomfahamu Musa, na hapo, Baba Thandi, nikapata habari ambayo hukuwahi kunipa. Mimi siku zote nilijua ulikuwa dereva wa lori la maji, na kwamba lori lile lilikuwa linasimama nyumbani kwetu kwa sababu injini inachemka. Kila siku inachemka! Mama alikuwa anakuhurumia, anakuletea kiti. Kumbe lilikuwa zima. Kumbe mlikatazwa kabisa kusimama njiani, na mkubwa wenu alipojua akakupa adhabu ya kuchimba vyoo vya kambi, ukachimba, ukamaliza, na siku uliyorudishiwa lori ukasimama tena kwetu. Vusi aliisimulia kwa Kiingereza, Lerato anaandika, mimi nimeshika mdomo. Ulichimba vyoo kwa ajili yangu, ukaniacha niamini habari ya injini mpaka unaingia kaburini!

Lerato akauliza, "Hii niiweke kwenye maelezo?" Vusi akasema, "Iweke yote."

Bado kulikuwa na jambo moja. Kwa umri wangu na kwa kazi yangu ya kuwauzia chakula mafundi wa magari, mfuko ulitaka mtu mwingine mwenye mshahara asaini pamoja nami. Nikampigia Thandi. Nilijua anachofikiri, kwamba Mama anajifunga, na ananifunga mimi. Akasema atakuja.

Alikuja na basi, akalala chumbani kwake kwa zamani. Asubuhi nikamwambia apumzike, akakataa, akanifuata kazini na kubeba sufuria. Unajua pale gereji saa ya chakula panavyokuwa, na jina walilonipa kwa ajili ya Morogoro. "Mama Moro, leo kuna maharage?" "Mama Moro, mke wangu amejifungua." Yule fundi mkubwa kutoka Lubumbashi akaniletea mwanawe nimwangalie homa, nami nikamwambia leo umepata bahati, nesi mwenyewe huyu hapa. Thandi akamwangalia yule mtoto pale pale juu ya meza ya spana. Jioni tulikuwa tunavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, nazo hazifanyi kazi, magari yanapitana ovyo, na mwenye teksi mmoja akasimamisha msururu mzima kwa ajili yangu, akapunga mkono, "Pita, Mama Moro." Tulipofika getini Thandi akasimama. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, Durban utakuwa mgeni yangu. Huku mimi ndiyo mgeni." Ngeli ni zako, baba yake. Halafu akasema, "Niandike."

Tukangoja. Kungoja kulikuwa kugumu, sitakudanganya, kila simu ikilia naacha sufuria naikimbilia. Siku Lerato alipopiga nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, Furaha akanishikia simu sikioni. "Mama, wamekubali." Furaha alipiga kelele kwa Kifaransa, Kiswahili na kitu kingine nisichokijua. Jirani akatoka na ufagio akidhani kuna mwizi.

Nilisaini mwezi uliopita. Kabla sijasaini nilimwambia mwanasheria wa mfuko anisomee kila ukurasa, na pale nisipoelewa nilimsimamisha. Nilimuuliza wazi, kuna ubaya gani humu? Akanieleza kwamba kwa kuwa miaka imeongezwa, mwishowe nitakuwa nimelipa zaidi kuliko ningelipa haraka, na kwamba mwezi nikiwa na ziada nipunguze deni mapema. Nimelielewa hilo na nimelikubali. Ninachotoa sasa kila mwezi kinanibakizia pumzi. Benki na wakopeshaji wako wa mjini wamelipwa, wameandika kwamba hawatudai. Na bima ipo. Nimeisaini mimi na Thandi, na itakuwa inalipwa kabla ya umeme, kabla ya nyama, kabla ya chochote.

Mengine ni madogo. Nguo nyeusi nimezivua, dada yako alikuja akafanya kama mila yenu inavyotaka, na nilipovaa kile kitenge cha njano alisema nimerudi kuwa msichana, muongo mkubwa. Vusi anakuja Jumamosi na mkewe, wanakula wali wa nazi, anajifanya anakagua mfereji wa bati na hawezi hata kupanda ngazi. Tulikwenda kaburini pamoja. Alikaa pale na wewe peke yake, mimi nilisogea pembeni, sikusikiliza. Yenu mliyoongea ni yenu. Aliporudi alikuwa anatembea vizuri zaidi, au labda niliona mimi tu.

Kaka zangu nimewaambia nitakuja Morogoro mwezi wa Disemba. Wamefurahi, wameanza kupaka chumba rangi. Nimewaambia wapake, lakini tiketi nimekata ya kwenda na kurudi.

Bado nakulilia. Nisikufanye udhani bondi ikihama na majonzi yanahama. Nikisikia lori linasimama nje natega sikio. Lakini asubuhi naamka na kazi, na nyumba ina watu, na mwisho wa mwezi uso wangu haubadiliki.

Nakuahidi mambo haya. Hakuna karatasi ya nyumba hii itakayosainiwa gizani tena, si na mimi, si na Thandi. Na pale ofisini, kwenye foleni, nilikutana na mjane mwingine, mumewe alikuwa kambi moja na nyinyi, na yeye jina limegoma kupatikana. Alikuwa anataka kukata tamaa arudi kwao. Nimemwambia Jumanne tunakwenda wote, mimi, yeye na Vusi na tai yake. Nitakwenda naye mara zote zitakazohitajika. Na tukifika huko tutawadai na yale mengine, yale yako.

Lala salama, mume wangu. Usiwe na wasiwasi nasi.

Mimi mkeo,
Restituta, mwenye nyumba.